Gia inaruka baada ya kuinua bodi? Usikimbilie giaboksi nyingine

Kijana mmoja alituletea Suzuki Jimny kwenye karakana ya chuo, hapa Nairobi, akiwa ameshaambiwa kwamba giaboksi imekufa. Gia ya pili ilikuwa ikiruka kila alipoachia eksileta kwenye mteremko. Fundi wa kwanza alikuwa tayari amemtajia bei ya giaboksi nyingine. Kabla ya kufungua boliti hata moja, nilimwambia mwanafunzi wangu atoe ngozi inayofunika mkono wa gia, akanyage klachi, aingize ya pili, kisha amulike tochi pale chini. Akainama, akanyamaza kidogo, akasema: "Mwalimu, inagusa bati." Gari lilikuwa limeinuliwa bodi kwa inchi 2, na tundu la sakafuni linalopitisha mkono wa gia likaachwa lilivyokuwa.

Nimelikuta tatizo hili zaidi ya mara moja, na linaniuma, kwa sababu pesa ya giaboksi si pesa ya kuokota.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yenyewe. Magari kama Land Cruiser, Hilux, Prado na Jimny yana chasisi ya chuma, na bodi imekalishwa juu yake kwa bushi za mpira na boliti. Kuinua bodi ni kuweka spesa kati ya viwili hivyo, kwa kawaida inchi 1 hadi 3, na kufunga boliti ndefu zaidi. Subaru Forester na RAV4 hazina chasisi ya kutenganishwa na bodi. Zile spesa zinazowekwa juu ya shokabzoba za magari hayo ni kazi nyingine kabisa. Pia jua kwamba kuinua bodi hakuongezi hata milimita moja ya nafasi chini ya difu, lile bonge la gia lililo kwenye ekseli. Kinachopatikana ni nafasi ya tairi kubwa, na ni hiyo tairi itakayoinua difu kutoka kwenye mawe.

Sasa tuje kwa manyuali, yaani magari ya gia za mkono. Giaboksi imefungwa kwenye chasisi pamoja na injini, lakini sakafu ni sehemu ya bodi. Ukiinua bodi milimita 50, sakafu inapanda na giaboksi inabaki palepale, hivyo mkono wa gia unaonekana kama umezama. Wenye magari wengi huona tu kwamba kirungu kimeshuka. Jambo zito liko kwenye tundu. Mkono wa gia unacheza juu ya egemeo lililo kwenye giaboksi, na kadiri unavyopanda mbali na egemeo hilo, ndivyo mwendo wake wa mbele na nyuma unavyopanuka. Tuseme sakafu ilikuwa sentimita 10 juu ya egemeo, sasa ni 15. Pale sakafuni, mwendo wa mkono umeongezeka kwa nusu nzima. Tundu lililotosha jana halitoshi leo. Tena katika magari mengi mkono umelalia nyuma, upande wa dereva, kwa hiyo unakutana na ukingo wa nyuma wa tundu. Gia zinazovutwa nyuma ni ya pili na ya nne, na mara nyingi rivasi. Ndiyo maana kwa yule kijana ya kwanza na ya tatu zilikuwa zimetulia.

Ndani ya giaboksi, gia hushikwa na pete yenye meno, inayoteleza hadi ikaumana na meno ya gia yenyewe. Pete ikizuiwa kabla ya kufika mwisho, meno yanashikana nchani tu. Ukiwa mjini huenda usihisi lolote. Lakini teremka kutoka Kona Baridi kuelekea Magadi ukiwa gia ya pili, achia eksileta, gari lianze kuisukuma injini: ncha zile zinaachana na gia inatoka. Injini haikushikilii tena, na mteremko wote unabaki juu ya breki peke yake. Ukiendelea hivyo kwa miezi, ncha za meno zinalika na kuwa duara. Hapo hata ukipanua tundu gia itaendelea kuruka, na atakayekwambia giaboksi imekufa atakuwa amesema kweli.

Dawa yake ni kupanua tundu kuelekea nyuma, au kutumia mkono uliokunjwa upya, au vyote viwili. Ukitaka kuukunja kwa moto, utoe kwanza kwenye gari, maana magari mengi yana bushi ya plastiki kwenye shina la mkono, nayo huyeyuka. Kabla ya kuwasha gurinda, chungulia chini ya sakafu uone nyaya na paipu za mafuta zinapopita. Ukingo uliokatwa upigwe rangi, na tundu lizibwe kwa mpira mzima, usiovutika gia ikiwa ndani. Mpira uliokazwa sana unaweza kuurudisha mkono, na ulioachwa wazi unaingiza vumbi, joto na moshi wa ekzosi ndani ya gari. Moshi huo unaua.

Kipimo ninachowafundisha wanafunzi ni hiki: injini ikiwa imezimwa, ingiza kila gia hadi mwisho, halafu pitisha kidole kati ya mkono na bati. Nafasi ya unene wa karatasi haitoshi, kwa sababu injini na giaboksi hutikisika juu ya mauntingi zake, ile mipira inayozishikilia, gari linapobeba mzigo. Rudia kipimo hicho kwenye mkono wa fowili, ule wa kuunganisha magurudumu yote manne. Katika baadhi ya magari fito zake zimeshikwa kwenye bodi upande mmoja na kwenye transfa (boksi linalogawa nguvu mbele na nyuma) upande mwingine, kwa hiyo kuinua bodi kunazivuta.

Chochote kingine kinachounganisha bodi na chasisi kikaguliwe vivyo hivyo: hosi ya klachi, paipu za breki, nyaya za handibreki, hosi ya kujazia mafuta, waya wa athi. Shafti ya stelingi ndiyo ninayoiogopa zaidi. Huwa na sehemu mbili zinazoingiana, na bodi ikipanda zinavutana. Zikibaki zimeshikana kidogo, tafuta kirefusho kilichotengenezwa kwa gari hilo. Usikubali mtu akuungie kipande kwa kuchomelea. Tazama pia feni: rejeta ikipanda na bodi huku feni ikibaki na injini, ukingo wa chini wa kava la feni utaliwa siku ya kwanza.

Spesa ziwe za plastiki ngumu au alumini iliyochongwa kwa kazi hiyo. Nimeona vipande vya paipu, hata mbao. Boliti unaponunua Kirinyaga Road, soma namba ya uimara kichwani: iwe 8.8 au 10.9. Isiyo na namba iache dukani. Mimi huwashauri wenye manyuali wasipite inchi 2. Wajulishe watu wa bima yako kwa maandishi, na upite kituo cha ukaguzi wa magari cha NTSA, mamlaka ya usafiri na usalama barabarani, kilichoko Barabara ya Likoni, uulize kabla ya kukata bati.

Jimny ya yule kijana ilirudi barabarani na giaboksi yake ileile, baada ya kupanuliwa tundu sentimita 3 na kuwekewa mpira mpya. Tulimwambia arudi baada ya wiki moja tukaze boliti zote za bodi tena, kwa kuwa spesa mpya hujikalisha na boliti hulegea. Alirudi, na mbili kati yake ziligeuka karibu robo mzunguko.