Je, wajua kwa nini Kiingereza cha taarifa ya habari humponyoka mtu anayekisoma bila shida?

Mwanafunzi aliyefaulu vizuri Kiingereza cha kidato cha nne, anayesoma gazeti la lugha hiyo kuanzia ukurasa wa mbele hadi wa michezo na kufungua kamusi mara mojamoja tu, hufungulia taarifa ya habari ya Idhaa ya Dunia ya BBC na kuambulia jina la rais, jina la mji na neno "yesterday". Akipewa maandishi ya taarifa ileile, huyasoma yote na kugundua kwamba hapakuwa na neno hata moja asilolijua. Maneno hayo, ambayo ni yake kabisa akiyaona kwenye karatasi, hupotelea wapi kati ya redio na sikio?

Jibu linalotolewa na karibu kila mtu, wakiwamo walimu wengi, ni kwamba watangazaji wa Kiingereza husema haraka mno. Ni jibu linalopendeza, kwa sababu lawama yote inamwangukia mtangazaji, lakini likipimwa halisimami vizuri. Kadirio la miaka mingi la watayarishaji wa habari wa BBC ni kwamba msomaji husoma maneno 3 kwa sekunde, yaani karibu 180 kwa dakika, na tarakimu hiyo humtisha mtu wa Kiswahili bila sababu, kwa kuwa neno la Kiingereza na neno la Kiswahili si kipimo kimoja. Kile ambacho Mwingereza hukisema kwa maneno 5, "they did not pay him", sisi tunakimaliza kwa neno 1, "hawakumlipa", na muda unaotumika haupishani sana. Anayehesabu maneno ataona Kiingereza kinakimbia na Kiswahili kinatembea, hata pale ambapo vinywa vyote viwili vinafanya kazi ileile.

Kipimo cha haki zaidi ni silabi. Mwaka 2011 François Pellegrino na wenzake wa Lyon, Ufaransa, walichapisha matokeo ya wasomaji wa lugha kadhaa waliosoma matini zenye maana ileile, kila mmoja kwa lugha yake. Kijapani kilitoka na wastani wa silabi 7.84 kwa sekunde, Kihispania 7.82, Kiingereza 6.19 na Kichina cha Mandarin 5.18. Kwa hiyo Kiingereza, lugha inayolaumiwa kwa kukimbia, kilikuwa miongoni mwa zile za mwendo wa chini. Uchunguzi mpana zaidi wa mwaka 2019, ulioongozwa na Christophe Coupé na kugusa lugha 17, ulionyesha kwamba lugha ambazo silabi zake hubeba taarifa kidogo husemwa haraka na zile ambazo silabi zake hubeba taarifa nyingi husemwa taratibu, hivi kwamba taarifa inayopita kwa sekunde hukaribiana kila mahali, wastani ukiwa takriban biti 39 (biti ni kipimo cha wingi wa taarifa). Kiswahili hakikuwamo katika lugha hizo, na wasomaji walisoma matini fupi zilizotungwa kwa ajili ya utafiti, si taarifa ya saa 3 usiku, kwa hiyo tusijigawie tarakimu ambayo hatukupimwa. Hata hivyo, kwa umbo la silabi zake, ambazo nyingi ni konsonanti moja na irabu moja, Kiswahili kinafanana zaidi na Kijapani na Kihispania kuliko Kiingereza. Haitakuwa ajabu siku moja vipimo vikionyesha kwamba wenye haraka ni sisi.

Isitoshe, kama kasi ndiyo kiini cha tatizo, kupunguza kasi kungelimaliza. Ushahidi hausemi hivyo waziwazi. Jaribio dogo la Roger Griffiths la mwaka 1990 liliona kwamba usomaji wa kasi hupunguza uelewa wa wanafunzi, lakini usomaji wa polepole haukuwapa faida ya wazi kuliko ule wa wastani. Jaribio lake la mwaka 1992 likaona polepole inasaidia. Mwaka huohuo wa 1990 Eileen Blau alichapisha matokeo kwamba kuongeza vituo kati ya vipande vya sentensi kuliwasaidia wasikilizaji kuliko kuvuta sauti yenyewe. Anayetaka kusadiki kwa masikio yake afungue kipande cha habari kwenye simu na kukipunguza hadi robo tatu ya mwendo wake: maneno yaliyokuwa yamemezwa yataendelea kuwa yamemezwa, isipokuwa sasa yamemezwa taratibu.

Kilichomezwa ndicho cha kutazama. Chukua Kiswahili kuwa basi la mkoani ambalo tiketi zake zimekatwa kwa namba za viti: kila silabi ina kiti chake, inakaa kwa nafasi yake, na abiria wakiwa wengi basi linakuwa refu kwa kiasi hichohicho. Kiingereza ni daladala ya saa 12 jioni. Viti ni vichache na vimekaliwa na silabi zenye mkazo, ambazo hunyoosha miguu zinavyotaka. Zisizo na mkazo, ziwe 1 au 4, husimama kwenye ujia kati ya kiti na kiti, na gari halirefuki kwa sababu abiria wameongezeka. Wanachofanya ni kubanana. Irabu iliyobanwa hupoteza sura yake, na iwe imeandikwa kwa a, e, o au u, hutoka kama sauti moja fupi isiyo na rangi ambayo wanafonetiki, yaani wataalamu wa sauti za lugha, huiita shwa, na ambayo Kiswahili sanifu hakina kabisa. Mtu aliyesimama kituoni huona vichwa vya waliokaa dirishani tu. Kondakta ndiye anayejua kuna wangapi ndani, wala hajui kwa kuwaona wote. Anajua kwa sababu ameizoea njia hiyo na anajua nani hupandia wapi.

Mfano huu nao usivutwe kupita kiasi. Mwaka 1940 Arthur Lloyd James, mwanafonetiki aliyekuwa mshauri wa matamshi wa BBC, alizigawa lugha katika zile zinazodunda kama bunduki ya rashasha na zile zinazodunda kama simu ya maandishi ya Morse, na mwaka 1945 Kenneth Pike akaupa mgawanyo huo majina ya kitaalamu: lugha zinazopimwa kwa silabi na zinazopimwa kwa mkazo. Waliokuja baadaye na vyombo vya kupimia, kama Rebecca Dauer mwaka 1983, hawakukuta muda ulio sawa kati ya mkazo na mkazo katika Kiingereza. Kilichobaki imara ni kubanana kwenyewe, yaani irabu zinazofifia na konsonanti zinazorundikana.

Tazama sentensi moja ya kawaida ya kihabari: "The government has agreed to pay the workers a part of what they were owed." Serikali imekubali kuwalipa wafanyakazi sehemu ya fedha wanazodai. Ina maneno 15, na yenye silabi ya mkazo ni 6 tu: "government", "agreed", "pay", "workers", "part" na "owed". Yaliyobaki 9 yote yamesimama kwenye ujia. Katika kinywa cha mtangazaji wa London, "government" hutoka karibu na "gavment". "Has" hupoteza h yake na huweza kubaki mkwaruzo wa s tu uliobandikwa nyuma ya neno lililotangulia. "Of" huwa irabu iliyofifia yenye v hafifu. Kisha yanatokea mambo mawili ya kufurahisha. "A part" yenye maana ya sehemu na "apart" yenye maana ya mbalimbali hutamkwa sawasawa, na hakuna sikio, hata la mfalme wao, linaloweza kuyatofautisha kwa sauti peke yake. Pili, r ya "were", ambayo Mwingereza wa kusini huiacha kwa kawaida, hufufuka ikifuatiwa na irabu na kuhamia mbele ya "owed", na kinachosikika mwishoni ni "road". Mwanafunzi anayeandika imla ya sentensi hii anaweza kuripoti kwa uaminifu kwamba habari ilihusu serikali, wafanyakazi na barabara. Kuhusu sauti, hajakosea hata kidogo.

Mzungumzaji asilia naye haoni maneno yote. Irwin Pollack na J. M. Pickett, katika majaribio yaliyochapishwa mwaka 1963 na 1964, walikata neno mojamoja kutoka kwenye mazungumzo yaliyorekodiwa na kuwasikilizisha Wamarekani, ambao waliyatambua takriban nusu tu, ingawa ndani ya mazungumzo hayohayo yalieleweka bila taabu. Sikio lao hubashiri, na lina kanuni ya kubashiri. Anne Cutler na David Carter walionyesha mwaka 1987 kwamba katika Kiingereza kinachozungumzwa, takriban asilimia 90 ya maneno yenye maana kamili huanza na silabi nzito, yaani yenye irabu isiyofifia, kwa hiyo msikilizaji hufungua neno jipya kila anaposikia silabi ya namna hiyo, na mara nyingi hushinda. Akishindwa, hushindwa kwa mtindo uleule: Cutler na Sally Butterfield waliposikilizisha watu maneno kwa sauti ya chini mno, "conduct ascents uphill" iligeuka kuwa sentensi ya daktari ("doctor") anayetuma ankara ("bill").

Sasa linganisha na sikio lililolelewa kwa Kiswahili, ambako mkazo hukaa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho. Kwetu silabi nzito hutangaza kwamba imebaki moja na neno linafungwa. Kwao hutangaza kwamba neno linafunguliwa. Anayehamisha kanuni yake bila kujua ataikata sentensi ya Kiingereza mahali pasipo na mshono karibu kila mara. Nasema "anayehamisha" kwa tahadhari, maana ushahidi ulio imara ni wa Wafaransa, ambao Cutler na wenzake waliwakuta mwaka 1986 wakikigawa hata Kiingereza kwa silabi, kama wanavyoigawa lugha yao. Vivyo hivyo kwa konsonanti zinazorundikana: Emmanuel Dupoux na wenzake walionyesha mwaka 1999 kwamba Wajapani wakisomewa neno la kubuni "ebzo" husikia "ebuzo", yenye irabu ambayo hakuna aliyeitamka. Lugha iliyoligeuza neno "club" kuwa "kilabu" ina kila sababu ya kushukiwa kufanya hivyohivyo, ingawa kushukiwa si kupimwa.

Kuhusu irabu, inatosha kusema kwamba Kiswahili kina 5, na Kiingereza cha kusini mwa Uingereza, ukihesabu na zile za kuunganika, kina takriban 20. "First" na "fast", "staff" na "stuff", huangukia kwenye a moja katika masikio mengi ya Afrika Mashariki. Muktadha huokoa sehemu kubwa.

Hapo ndipo taarifa za polepole zinapohitaji kuelezwa vizuri. Sauti ya Amerika ilianza matangazo ya Kiingereza Maalumu tarehe 19 Oktoba 1959, yakiwa na msamiati wa msingi wa maneno takriban 1,500, sentensi fupi, na mwendo wa theluthi mbili za ule wa kawaida. Yamewafaa watu wengi sana katika kujenga msamiati. Ila msomaji anayejipunguza kasi mwenyewe huwapa viti abiria waliokuwa wamesimama: "of" inarudi kuwa neno, "has" inapata h yake. Anayesikiliza aina hiyo pekee kwa miaka anazoea basi la mkoani, kisha anashangaa daladala ikimpita.

Kinachoonekana kulizoesha sikio ni kupata sauti ya kawaida pamoja na maandishi yake yenyewe. Holger Mitterer na James McQueen walichapisha mwaka 2009 jaribio la wanafunzi Waholanzi waliotazama, kwa chini ya nusu saa, video za Kiingereza cha lafudhi ya Uskoti au Australia. Waliopewa maandishi ya Kiingereza chini ya picha waliielewa lafudhi hiyo vizuri zaidi baadaye, hata katika sentensi wasizowahi kuzisikia. Waliopewa tafsiri ya Kiholanzi walifuata hadithi bila taabu, lakini katika sentensi mpya walifanya vibaya kuliko waliotazama bila maandishi yoyote. Wanafunzi hao walikuwa wanakijua Kiingereza vizuri tangu mwanzo, kwa hiyo matokeo hayamhusu anayeanza na "good morning". Kwa aliye tayari kulisoma gazeti, yanamaanisha aisome kwanza habari yenyewe kwa Kiswahili ili majina na kisa visimpe kazi, kisha akate kipande cha sekunde 10, ambacho kwa mwendo wa BBC ni maneno kama 30, akiandike kama imla, na akilinganishe na maandishi ya Kiingereza. Makosa mengi atayakuta kwenye maneno ya herufi 2 na 3.