Kura ya Athens haikuwa na mgombea

Neno kura limetoka Kiarabu, na maana yake ya asili ni kuiachia bahati iamue. Ndiyo maana Biblia ya Kiswahili inasema askari waliyapigia kura mavazi ya Yesu. Hapakuwa na mgombea pale. Raia wa Athens ya kale, huko Ugiriki, angeielewa maana hiyo upesi kuliko sisi.

Mwaka 508 KK Cleisthenes, mwanasiasa wa Athens, aliwagawa upya raia katika makabila 10, kila moja likichanganya watu wa mjini, wa pwani na wa bara, ili koo kubwa zisihodhi madaraka. Kila kabila lilitoa wajumbe 50 wa Baraza la 500, na baadaye wajumbe hao wakawa wanapatikana kwa bahati nasibu.

Mahakamani, katika karne ya 4 KK, kazi hiyo ilifanywa na bamba la jiwe lenye safu za matundu. Raia alitoa kibati chenye jina lake, kikachomekwa kwenye tundu. Ubavuni mwa bamba mlikuwa na mrija wenye gololi nyeupe na nyeusi. Ikidondoka nyeupe, safu nzima inaingia kusikiliza kesi. Nyeusi, mnarudi nyumbani. Utamhonga nani hapo?

Makamanda 10 wa vita walichaguliwa kwa kupigiwa kura tunayoijua sisi. Kwenye vita hawakutaka kubahatisha.

Mwanafalsafa Aristotle aliandika kuwa bahati nasibu ni jambo la kidemokrasia, na uchaguzi ni wa utawala wa wachache. Alizipanga serikali kwa kuuliza nani anatawala (mmoja, wachache au wengi) na kwa faida ya nani. Ufalme ukiharibika huwa udikteta. Utawala wa watu bora ukiharibika huwa wa matajiri. Demokrasia yenyewe aliiweka kwenye kundi la zilizoharibika, kwa kuwa aliona inawatumikia maskini peke yao. Na hao “wengi” hawakuwa wengi kihivyo: wanawake, watumwa na wakaazi wageni hawakuwa na sauti.

Raia waliweza pia kumfukuza mwanasiasa mjini kwa miaka 10 kwa kuandika jina lake kwenye kigae cha chungu. Mwaka 1937, katika kisima karibu na Acropolis, kilima cha mjini Athens, vilipatikana vigae 190 vyenye jina la mwanasiasa Themistocles. Miandiko ilikuwa ya watu 14 tu. Inaelekea kuna waliokaa wakaviandika mapema, tayari kuwagawia wapiga kura.