Kwa nini intaneti inasema Kiingereza, na ng'ombe wetu analipiwa mara tatu

Mtu wa Lubumbashi amesoma kwa Kifaransa, ananunua unga kwa Kiswahili na anasalimia wazee kwa Kibemba au Kiluba. Akifungua intaneti, anakuta Kiingereza kimekwisha kutandika mkeka. Takriban nusu ya tovuti zote ziko katika lugha hiyo, na waliozaliwa nayo ni kama mtu mmoja kati ya ishirini duniani. Wengi husema ni ukoloni. Umo, lakini haujibu swali lote, maana Kifaransa nacho kilikuwa na mtandao wake mapema.

Uliitwa Minitel. Kuanzia 1982, idara ya posta na simu ya Ufaransa iligawa bure majumbani vyombo vidogo vyenye skrini na kibodi. Watu walitafuta namba za simu, walikata tiketi za treni, waliandikiana, yote kwa Kifaransa. Ila mlango ulikuwa mmoja na mwenye ufunguo mmoja: mtu wa nje hakuweza kuunganisha kompyuta yake apendavyo. Ulizimwa tarehe 30 Juni 2012.

Intaneti ilikwenda njia nyingine. Ilianza Marekani mwaka 1969 kwa pesa za wizara ya ulinzi, ikiitwa ARPANET, na kanuni zake ziliachwa wazi ili yeyote azifuate. Waandishi wake walikuwa wanafunzi na wahandisi wa Marekani, basi ziliandikwa kwa Kiingereza. Cha ajabu, hata tovuti zilizaliwa Geneva, mji wa Uswisi unaosema Kifaransa, ambako mvumbuzi wake, Mwingereza Tim Berners-Lee, alifanya kazi CERN, kituo cha utafiti wa fizikia. Tovuti ya kwanza ikawa ya Kiingereza hata hivyo. Tarehe 30 Aprili 1993 CERN iliuachia ulimwengu uvumbuzi huo bure. Kuanzia hapo aliyeandika kwa Kiingereza alipata wasomaji wengi, matangazo yakafuata wasomaji, na Mjerumani mwenye duka naye akaongeza ukurasa wa Kiingereza ili asikose wateja.

Kulikuwa pia na kufuli la herufi. ASCII, jedwali linaloipa kila herufi namba yake katika kompyuta, lilianza mwaka 1963. Lina nafasi 128 tu, na leo 95 ndizo za herufi na alama zinazochapwa, pamoja na nafasi tupu. Herufi é haimo, sembuse Kiarabu au Kichina. Kila nchi ikajichongea jedwali lake, na vurugu ikaanza. Leo karibu wote wanatumia UTF-8, mfumo mmoja wa herufi za lugha zote, ambamo é hukaa baiti mbili (baiti moja ni biti nane). Programu ikidhani faili ni ya jedwali la zamani, husoma kila baiti kama herufi kamili, na é inatoka Ã©. Anayechapisha barua za watu katika sekretariati za barabarani kule Katuba, hapa Lubumbashi, anaijua sura hiyo. Usizisahihishe moja moja kwa mkono. Funga faili bila kuhifadhi, ifungue upya, uchague UTF-8.

Kiswahili, lakini, hakikufungiwa na kufuli hilo hata siku moja: herufi zake zote zimo katika ASCII. Wajapani walihangaika miaka mingi na herufi zao, na leo maandishi yao mtandaoni yanatuzidi mbali. Sisi tumepungukiwa maandishi. Katiba ya Kongo (RDC) ya 2006 inakitaja Kiswahili kuwa lugha ya taifa, pamoja na Kikongo, Lingala na Tshiluba, lakini lugha rasmi ni Kifaransa, na barua ya ofisi huandikwa kwa hiyo. Kiswahili chetu kinabaki mdomoni na katika sauti za WhatsApp, na mashine ya kutafutia haiwezi kukupa ukurasa ambao hakuna aliyeuandika.

Alama moja tu hutusumbua: kile kikoma cha juu katika ng'ombe. SMS moja hubeba baiti 140, yaani biti 1,120. Herufi za jedwali la kawaida la simu huchukua biti 7 kila moja, kwa hiyo zinaingia 160. Jedwali hilo lina é, è na à, na lina kikoma kilichonyooka ('). Halina ê wala ô, wala kikoma kilichopinda (’). Ikiingia moja tu kati ya hizo, kwa kawaida ujumbe wote huhamia biti 16 kwa herufi, na nafasi zinashuka hadi 70. Ujumbe ukivuka hapo hukatwa vipande vya herufi 67, kwa kuwa sehemu ya nafasi huliwa na namba za kuviunganisha. Tangazo la shule la herufi 150 lililokuwa SMS moja linakuwa tatu kwa ajili ya neno “hôpital” au kikoma kimoja, na ukiwatumia wazazi 400 unalipia 1,200.

Kinachopindisha kikoma mara nyingi ni simu au Word yenyewe, ikidhani inapamba. Kwenye simu, zima alama za uakifishaji za kiotomatiki katika mipangilio ya kibodi. Kwenye Word, bonyeza Ctrl na Z mara tu kinapopinda: herufi inabaki, mapambo yanaondoka. Kwenye kibodi ya Kifaransa, kikoma kilichonyooka kiko kwenye kitufe cha 4 cha safu ya juu, bila kushika kitufe kingine.