Je, wajua kwa nini mwili huamka kabla ya akili?

Alamu ya simu imelia saa kumi na moja alfajiri. Umeizima, umeketi kitandani, macho yako wazi, lakini ukiulizwa ufunguo wa stoo uko wapi unabaki kukodoa tu. Si uvivu. Ubongo haushtuki wote kwa pamoja. Sehemu zinazoendesha pumzi na mapigo ya moyo hazikulala hata kidogo, ila ile ya mbele, nyuma ya paji la uso, inayopanga na kuamua, huchelewa kurudi kazini. Kwa wengi uzito huo huisha ndani ya dakika 15 hadi 30. Aliyekatizwa katikati ya usingizi mzito anaweza kuuburuza saa nzima.

Alfajiri, joto la mwili huwa limeshuka karibu na kiwango chake cha chini kabisa. Ukishaamka, homoni ya kortisoli hupanda na kufika kileleni baada ya dakika 30 hadi 45. Watu huisema vibaya kwa kuwa huhusishwa na msongo wa mawazo, lakini kupanda kwake asubuhi ni jambo la kawaida: ni njia mojawapo ya mwili kujiandaa kwa shughuli za siku.

Ndiyo maana asubuhi tulivu si anasa ya wenye nafasi. Nusu saa ya kwanza ni wakati mbaya wa kuamua lolote, na ndiyo hasa tunayoijazia maamuzi: shati lipi, nauli iko wapi, mtoto anakula nini, huku kidole kinafungua kundi la WhatsApp la familia ambako usiku kucha watu wamebishana kuhusu michango ya harusi. Anayetoka Mbagala kuwahi daladala hawezi kujiongezea saa. Anachoweza ni kupiga pasi sare za watoto usiku, nauli akaiweka mfukoni mwa suruali atakayoivaa, na simu akaiacha mbali na mto.

Kinachosaidia sana ni mwanga. Ndani ya ubongo kuna kishada kidogo cha seli kinachotunza saa ya mwili, nacho hupokea habari za mwanga kutoka machoni. Balbu ya chumbani hutoa laksi (kipimo cha mwangaza) 100 hadi 300 hivi. Uani, jua likishapanda kidogo, hupita 10,000 bila shida. Kwa hiyo kupigia mswaki nje, au kufagia uwanja, kunafanya kazi kuliko watu wanavyodhani. Tulio karibu na ikweta tuna bahati hapo: jua la Nairobi au Dar es Salaam halichelewi sana mwezi wowote, wakati mtu wa London mwezi Desemba hulingoja hadi saa mbili asubuhi.

Na chai je? Kafeini huzuia adenosini, kemikali inayoleta usingizi, lakini huchukua kama nusu saa hadi saa nzima kufika kiwango cha juu katika damu. Ukihisi umechangamka kwa funda la kwanza tu la chai ya tangawizi, ujue kafeini yenyewe bado haijafika. Hilo ni joto la kikombe, ukali wa tangawizi, na kule kuketi dakika tano bila kusemeshwa.