Vyumba vya chini vya Mkunazini na soko la watumwa

Wageni wengi wanaofika Mkunazini, mtaa wa Mji Mkongwe wa Unguja uliopata jina lake kutokana na mti wa mkunazi, huteremshwa katika vyumba viwili vyenye dari fupi chini ya jengo la Mtakatifu Monika na kuambiwa kwamba humo ndimo walimofungiwa watumwa wakisubiri kuuzwa. Maelezo hayo yanasisimua, lakini hayalingani na umri wa jengo lenyewe. Soko lilifungwa mwezi Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba na Waingereza. Jengo hilo lilijengwa baadaye na wamisionari wa Kianglikana kama hospitali, na ndiyo maana wanahistoria, akiwemo Profesa Abdul Sheriff, wamepinga dai kwamba vyumba vyake vya chini ni mabaki ya soko.

Kusema hivyo si kukana mateso yaliyotendeka hapo. Soko lilikuwepo kweli, tena katika eneo hilohilo, na Kanisa Kuu lililojengwa chini ya Askofu Edward Steere, ambaye pia alikuwa mwanasarufi wa Kiswahili, lilianza kujengwa mwaka huohuo wa 1873 juu ya kiwanja chake. Wala kufungwa kwa soko hakukumaliza utumwa, kwa kuwa hadhi yake kisheria Unguja ilifutwa mwaka 1897 tu, jambo ambalo, kwa maoni yangu, lingestahili kuelezwa zaidi kuliko giza la vyumba vile.