El Niño sio jina lingine la mvua

Watu wengi wakisikia El Niño wanafikiria mafuriko tu, hiyo imani ina miaka mingi na haiko sawa. El Niño ni maji ya juu ya bahari ya Pasifiki pale kati na mashariki, karibu na ikweta, kupata joto kuliko kawaida. Basi. Mvua itaongezeka au itapungua inategemea uko wapi.

Angalia bonde la mto Amazon. Pasifiki ikichemka hivyo, hewa inapanda kwa nguvu kule juu ya bahari halafu inakuja kushuka upande wa Amazon, na hewa inayoshuka inazuia mawingu kujijenga, kwa hiyo mvua inakata hasa kaskazini na mashariki ya bonde. La Niña, yaani kinyume chake, Pasifiki hiyo ikipoa kuliko kawaida, ndo mara nyingi huleta maji mengi: mwaka 2021 maji ya mto Negro, tawi la Amazon, pale Manaus nchini Brazil yalipanda kupita mita 30, rekodi, alafu Oktoba 2023, El Niño ikiwepo, yakashuka chini ya mita 13. Mto ni uleule jamani!

Ila pia usiitupie El Niño kila ukame. Ule wa 2005 ulitokana zaidi na Atlantiki ya kaskazini kupata joto, ukanda wa mvua ukavutwa kaskazini, kusini magharibi mwa Amazon kukabaki kukavu. Kwa hiyo ukisoma utabiri angalia bahari zote mbili, na mimi naona vyombo vya habari vingetusaidia sana vikitaja na Atlantiki.