Ng'ombe wa Milimani: Yanayosemwa na Yalivyo

Mkaazi wa Nairobi akishanunua ekari chache Kinangop, kwenye nyanda za juu za Kenya, ili afuge ng'ombe, hakosi washauri.

"Kule juu ni baridi, ng'ombe hawaugui." Baridi hupunguza kupe, na kupe ndio waletao ndigana. Lakini mwinuko una maradhi yake. Katika mabonde ya Colorado, Marekani, kama South Park lililo karibu mita 3,000, ng'ombe walikuwa wakivimba kidari, wakajaa maji tumboni, wakafa. Watafiti waliandika kuhusu ugonjwa huo mwaka 1915. Oksijeni ikipungua, mishipa ya mapafu hubana, na ya ng'ombe ina misuli minene kuliko ya wanyama wengi. Upande wa kulia wa moyo husukuma damu kwa shida hadi unashindwa, na maji hutuama kidarini. Hatari huanzia mita 1,500 hivi, ikazidi baada ya 2,100. (Nairobi yenyewe inakaribia 1,800.)

"Hiyo ni homa ya mapafu, mdunge sindano tu." Kuhema kunafanana, ndiyo maana wengi hukosea. Antibiotiki haishushi presha ya damu kwenye mapafu. La kwanza ni kumteremsha mnyama, polepole, maana akikimbizwa anaweza kufia njiani.

"Fahali mnono, kifua kipana, ndiye wa kupandisha." Hapa ndipo pesa hupotea. Unono hauonyeshi presha ya mapafu, na udhaifu huu hurithiwa. Wafugaji wa Colorado humwita daktari wa mifugo apitishe mrija mwembamba kwenye mshipa wa shingo hadi ateri ya mapafu, apime presha hiyo. Chini ya milimita 41 za zebaki ni salama. Akifika 49 na zaidi, hafai kuzalisha ndama wa milimani. Kipimo kilichofanywa chini ya mita 1,500 hakiaminiki. Anayeagiza mbegu za fahali wa Angus, aina ya ng'ombe wa nyama, kwa shamba la juu aulizie presha kwanza, uzito baadaye.

"Bonde la mlimani lina majani mwaka mzima." Kwetu kwenye ikweta labda, mvua ikikubali. Huko Gunnison, Colorado, mita 2,300 hivi, mashamba hunyweshwa maji ya theluji iliyoyeyuka, na nyasi hukatwa mara moja tu, Julai au Agosti. Wakati huo ng'ombe wako juu zaidi, kwenye malisho ya serikali, kwa kibali. Theluji ikirudi, wanakula marobota ya nyasi hizo kila siku. Yakiisha kabla ya majani kuota, mfugaji hununua mengine au huuza ng'ombe.